Cheti cha Ndoa Kilichovuka Bahari



Neno baraza ni la kila siku vinywani mwetu. Ni kile kikao cha mawe kilicho mbele ya nyumba, ambapo wazee hukaa baada ya sala ya alasiri na kahawa ikapita; ni mkutano wa chifu; ni hata Baraza la Mawaziri. Waomani nao wanalo neno hilo. Wao husema barza, na katika miji yao ya zamani lilikuwa jina la kikao cha liwali cha kuwasikiliza watu. Ukizuru ngome kongwe za nchi ile utaonyeshwa chumba cha barza. Hapa alikaa liwali, hapa kadhi, na pale mbele yao alisimama mwenye shida yake, awe mkulima wa mitende aliyepokonywa zamu yake ya maji ya mfereji, au mjane aliyenyimwa fungu lake la mirathi.

Ngome ya Nizwa ilijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Seif wa ukoo wa Yaarubi, yuleyule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Katika zama za mwanawe, Seif bin Sultan, Waomani waliizingira Ngome yetu ya Mombasa kwa karibu miaka mitatu hata wakaitwaa mwaka 1698. Leo ngome zote mbili ni makumbusho. Ya kwetu ilipitia kwanza kuwa jela wakati wa utawala wa Waingereza, kisha ikafunguliwa kwa wageni na wanafunzi. Mtu hukata tiketi, huona mizinga na vyombo vya kale, hupiga picha, akarudi nyumbani.

Swali lililotushughulisha sisi kwa miaka kadhaa ni hili: ngome ilipogeuka makumbusho, ile haki iliyokuwa ikitolewa ndani yake ilihamia wapi? Kwetu halikuwa swali la kitabuni. Lilikuwa swali la dada yetu na watoto wake wawili.

Dada huyu ni mtoto wa mama yetu mdogo, tuliyekua naye nyumba moja katika Mji wa Kale. Mwaka 1999 aliposwa na Mwomani ambaye wazee wake waliishi Unguja. Alikuwa mtu wa Kiswahili safi na tabia njema, akija Mombasa kila mwaka kwa biashara. Ndoa ilifungwa kwa nguzo zake zote: walii alikuwepo, mashahidi wawili walikuwepo, mahari yalitajwa, na mwenye idhini ya kuandikisha ndoa akaijaza katika daftari na kutoa cheti. Lililokosekana lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa upande wa pili wa bahari. Kanuni za Omani za mwaka 1993 zilimtaka raia wao apate ruhusa ya serikali kabla ya kuoa au kuolewa na mtu wa nchi ya kigeni, na aliyekwenda kinyume alikuwa na adhabu yake. Bwana hakuomba ruhusa. Alisema ataitengeneza siku moja. Wasichana wengi wa pwani waliambiwa maneno hayo, na wazazi wengi waliyapokea, kwa kuwa mposaji alikuwa Mwislamu, msema Kiswahili, na mwana wa watu.

Mwaka 2015 bwana yule akafariki kwao. Dada yetu akakaa eda yake hapa Mombasa, na eda ilipokwisha ndipo tulipoona ukubwa wa jambo. Marehemu alikuwa na mke mkubwa Maskati na watoto watu wazima. Kwa serikali ya kule, mke wa Mombasa hakuwepo. Watoto wake, wa kiume wa miaka kumi na mitatu na wa kike wa miaka kumi, hawakuwemo katika karatasi yoyote ya baba yao. Mali ilikuwa na thamani, lakini tunasema kweli tukisema kwamba mali haikuwa ya kwanza. Mtoto wa kike alituuliza kama sasa ataendelea kuitwa binti wa fulani, au jina hilo nalo limekufa. Kwa mwana wa Kiislamu nasaba ni haki yake kwa babake, na haki hiyo haifi na mtu.

Ili msomaji afahamu tuliyokwenda kuyakuta, inafaa tuieleze nchi yenyewe ilivyobadilika.

Sultani Qaboos bin Said alipotwaa utawala tarehe 23 Julai 1970, Omani nzima ilikuwa na shule tatu tu za serikali, na milango ya mji wa Maskati ilikuwa ikifungwa usiku. Aliyetoka baada ya hapo alilazimika kubeba taa. Hukumu zilitolewa na makadhi, kila mmoja akirejea vitabu vya fikihi vya madhehebu yake. Walikuwamo makadhi wacha Mungu wenye elimu nzito. Hata hivyo mwanamke aliyesimama mbele yao hakuwa na kitabu ambacho angeweza kukifungua mwenyewe akajua mapema haki yake ni ipi.

Nchi ilipoanza kujengwa, iliwaita nyumbani watu wake waliotawanyika, wakiwemo wengi waliotoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964. Hao walikwenda na elimu yao, na wakaenda na Kiswahili chao, ambacho hadi leo husikika katika nyumba na masoko ya Maskati. Hata Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1968 na aliyetufasiria Qurani kwa Kiswahili, alimalizia maisha yake Omani, akafariki huko mwaka 1982. Bahari ile haikuwahi kuwa ukuta baina yetu; tatizo letu lilikuwa kwamba karatasi hazikuvuka kwa wepesi uleule waliovuka watu.

Mabadiliko ya sheria yalikuja kwa hatua. Mwaka 1996 Sultani alitoa Sheria ya Msingi ya Dola, iliyosema kwamba sharia ya Kiislamu ndiyo msingi wa sheria za nchi, kwamba mahakimu hawana wa kuwaamuru ila sheria, na kwamba raia ni sawa bila kutenganishwa kwa jinsia. Mwaka 1997 ikatoka Sheria ya Hali za Watu, yaani ndoa, talaka, malezi, usia na mirathi, ikaandikwa vifungu kwa vifungu kwa ajili ya Waislamu wa nchi nzima. Humo umri wa kuoa na kuolewa uliwekwa kuwa miaka kumi na minane, isipokuwa hakimu akiona maslahi katika kuruhusu chini ya hapo. Na msichana aliyefika umri, ambaye walii wake amemzuia kuolewa, akapewa njia ya kulifikisha jambo lake mahakamani. Mwaka 1999 mahakama zikapangwa upya katika ngazi tatu: ya mwanzo, ya rufaa, na ya juu kabisa. Mashauri ya sharia yakaingia ndani ya mpango huo mmoja. Kadhi akatoka ngomeni.

Ndani ya sheria ile ya 1997 mlikuwa na maneno machache yaliyokuwa tumaini letu. Inasema kwamba ndoa huandikishwa rasmi, lakini yaweza kuthibitishwa mahakamani kwa ushahidi. Wakili tuliyempata alitusomea maneno hayo kwa Kiarabu, kisha akatufasiria. Dada yetu akamwomba ayarudie.

Kabla ya kusafiri ilibidi cheti cha ndoa kipate mihuri. Cha asili kilikuwa kimeliwa na unyevu, maandishi ya jina la shahidi mmoja hayakusomeka, nasi tukahitaji nakala mpya kutoka katika daftari. Ofisi moja ilitwambia daftari la mwaka ule halionekani. Tulikwenda, tukaambiwa turudi. Tukarudi, tukaambiwa mwenye ufunguo hayupo. Miezi minne ilipita hivyo, mpaka karani mmoja mzee alipoingia stoo mwenyewe akatoka na daftari mkononi, vumbi limemjaa kanzuni. Jina la dada yetu lilikuwepo, na la bwana lilikuwepo, na mahari, na mashahidi wote wawili. Mmoja alikwishatangulia mbele ya haki. Wa pili, mzee wa mtaa wetu, alikuwa hai, akatoa maelezo yake kwa kiapo. Kisha zikafuata tafsiri ya Kiarabu na mihuri ya wizara na ya ubalozi. Mwanzoni mwa 2017 tukasafiri, sisi dada zake wawili na kaka yetu, pamoja na yeye.

Shauri halimaliziki kwa siku moja, na baina ya kikao na kikao tulikuwa na siku za kungoja. Tulizitumia kuutazama mji. Tulisali katika Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Tulipita nje ya Jumba la Kifalme la Opera, lenye kuta nyeupe kama chokaa ya Lamu. Jumba hilo lilifunguliwa Oktoba 2011 kwa mchezo wa Turandot, wa Mwitaliano Puccini. Kaka yetu aliuliza kwa kejeli Waarabu na opera wapi na wapi. Bibi mmoja wa Kiomani aliyekuwa ametupokea nyumbani kwake akamjibu kwa Kiswahili cha Unguja kwamba kikundi cha wanamuziki wa Sultani kiliundwa mwaka 1985, kikawafundisha vijana wa nchi, wasichana kwa wavulana. Kama mtu haipendi opera asiende, akasema, lakini asiseme kwamba wao hawana masikio.

Tulikwenda pia Makumbusho ya Taifa, yaliyokuwa yamefunguliwa mwaka uliotangulia, mkabala na kasri la Alam. Tuliona mapambo ya fedha ya maharusi, majambia, na vielelezo vya majahazi. Tuliona maandishi ya vipofu ya nukta, kwa Kiarabu, yaliyowekwa ili asiyeona naye asome. Jambo hilo lilitugusa. Aliyepanga makumbusho yale alikuwa amemfikiria mtu ambaye kwa desturi hafikiriwi.

Humo pia muna hati za kale: barua, mikataba, maandishi ya biashara. Ndipo tulipoelezwa kwamba nchi ile, tangu sheria ya mwaka 2007, ina mamlaka maalumu ya nyaraka za taifa, ambayo hupokea hata karatasi zilizohifadhiwa na familia: waraka wa kununua shamba, hati ya wakfu, barua iliyotoka Unguja miaka mia iliyopita. Sisi tulikuwa na cheti chetu ndani ya mkoba, ndani ya bahasha, ndani ya mfuko wa plastiki. Tulitazamana. Kumbe utamaduni na hukumu vilikuwa na kitu kimoja kinachoviunganisha: mtu aliyeandika, na mtu mwingine aliyekitunza kilichoandikwa. Palipokosekana mmoja wao, makumbusho huwa na kuta tupu, na mahakama huwa na maneno ya mtu dhidi ya maneno ya mtu.

Sasa kikao chenyewe. Mtoto mkubwa wa marehemu alikana. Hatumlaumu, babake hakumwambia, na mtu anayeletewa ndugu wa kigeni akiwa bado na msiba hana wajibu wa kufurahi. Wakili wake aliegemea ile ruhusa ambayo haikuombwa. Hakimu alisoma cheti, akasoma maelezo ya shahidi, akauliza kama kuna mwingine mwenye kauli. Ndipo mke mkubwa aliposimama.

Alikuwa mama wa makamo, abaya nyeusi, sauti ndogo. Alisema kwamba yeye alijua. Mumewe alimweleza zamani, akamwomba asiwaambie watoto, naye akaiweka siri hiyo kama amana. Sasa mwenye amana amekufa, akasema, na hawezi kusimama mbele ya Mola wake ilhali mayatima wa mumewe wamekanwa na yeye amenyamaza.

Wasomaji wetu wanaojua mirathi watafahamu maneno yale yalimgharimu nini. Mume akiacha watoto, fungu la mke ni thumuni, na wake wakiwa wawili thumuni hiyo huigawana. Kwa kusema kweli alijikata nusu ya haki yake, na watoto wake akawapunguzia kwa kuwaongezea ndugu wawili.

Hakimu alitenganisha mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya. Kukosa ruhusa ni jambo la serikali na aliyekosa, naye amekwishakufa. Ndoa ni ndoa kwa nguzo zake, na nguzo hizo zimethibiti. Ndoa ikathibitishwa, nasaba ya watoto ikathibitishwa, na mafungu yakapangwa. Kazi ya kubadilisha karatasi nyingine zote ilichukua muda mrefu kuliko shauri lenyewe, lakini mlango ulikuwa umefunguka.

Tuliporudi nyumbani, watu walitusikiliza wakasema: ah, hiyo ndiyo nchi, si kama kwetu. Hapo ndipo tunapotaka kusimama kidogo, kwani sifa ikizidi nayo hudanganya.

Ni kweli Omani iliandika sheria yake ya familia. Ni kweli pia kwamba mwaka 2008 ilitoa sheria ya ushahidi iliyoufanya ushahidi wa mwanamke kuwa sawa na wa mwanamume katika mashauri ya madai na ya biashara. Katika mambo ya familia hatua hiyo haikufika. Ni kweli vilevile kwamba sheria zote hizo hutoka kwa amri ya Sultani, na anayezingoja hana la kufanya ila kungoja. Ile kanuni ya ruhusa ya kuoa nje iliishi miaka thelathini. Aprili 2023 Sultani Haitham bin Tariq, aliyeshika utawala Januari 2020, alitoa amri iliyoondoa sharti hilo kwa raia wengi, ikawabakisha baadhi ya wenye vyeo vya serikali. Dada yetu aliisoma habari hiyo kwenye simu, akaiweka simu kifudifudi, akaendelea kuchambua mchele.

Na kwetu je? Sisi tunazo Mahakama za Kadhi. Zilikuwepo katika pwani hii wakati wa Masultani wa Zanzibar, zikahifadhiwa katika makubaliano ya 1963 kabla ya uhuru, na leo zimo katika ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, kwa mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nazo. Majengo yake hayana marumaru. Lakini Sheria ya Mahakama za Kadhi ya mwaka 1967 inasema wazi kwamba mashahidi wote wasikilizwe bila ubaguzi wa dini wala wa jinsia, na kwamba jambo liamuliwe kwa kupima ukweli wa ushahidi, si kwa kuhesabu idadi ya mashahidi. Ni miaka arubaini na mmoja kabla ya ile sheria ya Omani ya 2008, na yetu inaingia hadi katika mambo ya familia. Ni wanawake wangapi wa Mji wa Kale, wa Malindi, wa Lamu, wanaolijua hilo? Sisi wenyewe tulilisikia kwa wakili, nchi ya watu, tulipokuwa tunaisifu nchi yake.

Kwa hivyo jibu la swali letu ni hili. Haki iliyotoka ngomeni ilihamia katika daftari. Omani walijenga makumbusho mazuri na opera nzuri, na kuna heri katika kupamba nchi. Lakini dada yetu hakuokolewa na marumaru. Aliokolewa na mwandishi wa ndoa aliyejaza safu zote mwaka 1999, na karani aliyeingia stoo, na sheria iliyoandikwa ikasomeka, na mwanamke mcha Mungu aliyesema aliyoyajua. Hao watatu wa mwisho twaweza kuwaombea tu. Yule wa kwanza yumo mikononi mwetu.

Mzazi anayemwoza binti yake, hata kwa mpwa wake, na aandikishe. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote ziandikishwe, yetu ya Kiislamu ikiwemo. Cheti kisikae kwa bwana peke yake. Bibi awe na chake, na nakala iwe nyumba nyingine, mbali na unyevu na mchwa. Akija mposaji kutoka ng'ambo, aulizwe sheria ya kwao inataka nini, na jibu la baadaye insha'Allah lisikubaliwe mahali pa hati. Insha'Allah ni neno tukufu mno kufanywa kifuniko cha uvivu. Talaka ikitoka iandikwe, mahari yaliyobaki yaandikwe, deni liandikwe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani inahusu kuandika deni. Itakuwaje basi sisi tuandike mkopo wa mabati na tuache ndoa ikae midomoni mwa mashahidi wanaozeeka?

Mpwa wetu wa kike sasa ni mwanamwali, anasoma chuoni, na katika kila karatasi yake jina la babake limeandikwa kwa ukamilifu. Mke mkubwa wa Maskati humtumia haluwa kila Idi, naye humwandikia barua ya shukrani kwa mkono wake. Barua hizo bibi yule huziweka zote. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, amjazie heri mama yule, na awajaalie mabinti wetu waume wanaoandika wanayoyasema. Amin.